Kuvu dhidi ya kuvu: Utafiti uliofuata sumu ya mahindi hadi shambani

MAHINDI yaliyowaua watu 125 nchini Kenya mwaka wa 2004 yalikuwa, kwa sehemu kubwa, yamelimwa, yakavunwa na kuhifadhiwa na familia zilezile zilizoyala. Hayakupitia kiwanda cha kusaga unga wala kupimwa na mkaguzi yeyote, na sumu iliyokuwamo ndani yake haina rangi, harufu wala ladha.

Sumu hiyo ni aflatoksini, ambayo nchini Tanzania hujulikana pia kama sumukuvu. Hutengenezwa na kuvu aina ya Aspergillus flavus pamoja na jamaa zake wachache, na hupatikana zaidi katika mahindi, njugu karanga, mbegu za pamba na nafaka nyingine za maeneo yenye joto.

Mwanzoni wanasayansi waliichukulia kuwa tatizo la ghala: kwamba mahindi mema huharibika yakihifadhiwa vibaya. Utafiti wa wataalamu wa magonjwa ya mimea umeonyesha kwamba mara nyingi kuvu hiyo huingia ndani ya punje zikiwa bado shambani, na kwamba mojawapo ya silaha bora dhidi yake ni kuvu nyingine ya jamii iyo hiyo, isiyo na uwezo wa kutengeneza sumu.

Mkasa wa 2004

Kati ya Januari na Julai 2004, hospitali za Mkoa wa Mashariki wa wakati huo zilipokea wagonjwa wenye macho ya manjano, maumivu ya tumbo, kutapika na dalili nyingine za ini lililoharibika. Kufikia Julai 20, visa 317 vilikuwa vimeripotiwa na wagonjwa 125 walikuwa wameaga dunia. Wengi walitoka wilaya za Makueni na Kitui, na wengine Machakos na Thika.

Wizara ya Afya, ikishirikiana na Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha Marekani (CDC), ilichunguza chanzo cha vifo hivyo. Wachunguzi walilinganisha watu 40 waliougua na wengine 80 wa maeneo hayo ambao hawakuugua. Ilibainika kwamba mahindi ya nyumba zilizokuwa na wagonjwa yalikuwa na sumu nyingi zaidi, na kwamba watu waliohifadhi mahindi mabichi ndani ya nyumba walikuwa katika hatari kubwa kuliko walioyaweka kwenye maghala ya nje.

Uchunguzi mwingine ulihusu sampuli 350 za mahindi na bidhaa zake zilizochukuliwa kutoka masoko 65 katika wilaya zilizoathirika. Asilimia 55 zilikuwa na zaidi ya mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kila kilo, asilimia 35 zilizidi mikrogramu 100, na asilimia 7 zilizidi mikrogramu 1,000. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa leo nchini Kenya ni mikrogramu 10.

Hali ya anga ilikuwa imechangia. Mvua zisizo za msimu zilinyesha mapema, wakati wa mavuno ya Februari, na mahindi yakaingizwa nyumbani kabla hayajakauka. Chakula kilikuwa haba kutokana na ukame, na familia nyingi hazikuwa na la kuchagua. Serikali na wahisani walilazimika kusambaza chakula kingine kuchukua nafasi ya mahindi yaliyochafuka.

Haikuwa mara ya kwanza. Mnamo 1981, watu 20 waliugua katika eneo la Machakos kwa sababu iyo hiyo, na 12 kati yao wakafariki. Visa zaidi viliripotiwa katika sehemu hizo mwaka wa 2005 na 2006. Mnamo 2016 maafa ya aina hiyo yalifika mikoa ya Dodoma na Manyara, Tanzania, ambako wagonjwa 68 walirekodiwa na 20 wakafa.

Sumu isiyoonekana

Ulimwengu wa sayansi uliitambua aflatoksini kupitia vifo vya ndege. Mwaka wa 1960 batamzinga zaidi ya 100,000 walikufa nchini Uingereza kwa ugonjwa ambao madaktari wa mifugo hawakuujua. Uchunguzi uliongoza hadi kwenye chakula chao kilichokuwa na mashudu ya njugu karanga kutoka Brazil, na ndani ya mashudu hayo ikapatikana kuvu ya Aspergillus flavus. Jina la sumu liliundwa kutokana na jina la kuvu yenyewe.

Zipo aflatoksini za aina kadhaa. Iliyo kali zaidi ni ile inayoitwa B1. Ng'ombe akila chakula chenye B1, mwili wake huibadilisha kuwa M1, ambayo hutoka katika maziwa. Kwa hiyo mahindi yaliyokataliwa jikoni na kupelekwa kwenye zizi la ng'ombe wa maziwa yanaweza kuirejesha sumu mezani ndani ya kikombe cha chai.

Vipimo vyake ni vidogo mno. Mikrogramu moja ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Kwa kiwango cha mikrogramu 10 kwa kilo, gunia zima la kilo 90 halipaswi kuwa na sumu inayofikia hata miligramu moja. Isitoshe, sumu hiyo haitapakai sawasawa: punje chache zinaweza kubeba karibu yote iliyomo katika gunia, huku zilizobaki zikiwa salama.

Moto wa jikoni hauiondoi. Kuchemsha mahindi, kuyasaga na kuusonga unga kuwa ugali hakuiharibu aflatoksini kwa kiasi cha kutegemewa, na kuyatumia kutengeneza pombe hakuyasafishi. Kuyakoboa, jinsi yanavyofanywa mahindi ya muthokoi katika Ukambani, hupunguza sehemu ya sumu kwa kuwa nyingi huwa katika ganda na kiini cha punje. Hata hivyo, mahindi yaliyochafuka sana hayawi salama kwa kukobolewa.

Madhara mwilini

Anayekula sumu nyingi kwa muda mfupi huharibika ini ghafla, kama ilivyotokea mwaka wa 2004. Hakuna dawa mahususi ya kuiondoa mwilini. Madaktari hutibu dalili na kumsaidia mgonjwa hadi ini lipate nafuu, ikiwezekana.

Walio wengi zaidi hula kiasi kidogo kwa miaka mingi bila kujua. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, limeiweka aflatoksini katika kundi la vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu. Ini ndicho kiungo kinachoathirika, na hatari huongezeka maradufu kwa mtu aliye na virusi vya homa ya ini aina ya B: kwa makadirio yanayotumiwa na wataalamu, inaweza kuwa hadi mara 30 ikilinganishwa na mtu asiye navyo.

Aidha, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002 kuhusu watoto wa Benin na Togo ulionyesha kwamba waliokuwa na sumu nyingi zaidi katika damu walikuwa wafupi na wepesi kuliko wenzao wa umri wao. Uhusiano huo umewafanya wataalamu wa lishe kuitazama aflatoksini kwa makini katika nchi ambako mtoto huachishwa ziwa kwa uji wa mahindi.

Kuvu iliyohusika

Baada ya mkasa wa Kenya, swali moja lilibaki kwa wataalamu wa mimea. Aspergillus flavus imo katika udongo wa karibu kila nchi yenye joto, na mahindi hustawi katika nchi nyingi za namna hiyo bila watu kufa kwa makumi. Kulikuwa na nini katika udongo wa Makueni na Kitui?

Miongoni mwa waliolitafutia jibu ni Peter Cotty, mtaalamu wa magonjwa ya mimea wa Idara ya Kilimo ya Marekani aliyefanyia kazi yake katika jimbo la Arizona. Yeye pamoja na Claudia Probst na Henry Njapau walichunguza kuvu zilizotoka katika mahindi ya wilaya zilizoathirika, na mwaka wa 2007 wakachapisha matokeo yao.

Kuvu ya Aspergillus flavus ina sura mbili kuu. Moja, inayoitwa L, hutengeneza vidonge vikubwa vigumu vinavyoiwezesha kuishi udongoni wakati wa kiangazi. Baadhi ya kuvu za sura hii hutoa sumu nyingi, nyingine kidogo na nyingine hazitoi kabisa. Ya pili, S, hutengeneza vidonge vingi vidogo, na kwa kawaida hutoa aflatoksini kwa wingi.

Watafiti walikuta kwamba mahindi ya maeneo yaliyokumbwa na vifo yalikuwa yametawaliwa na kuvu ya sura ya S. Kwa maneno mengine, mvua ya Februari na uhifadhi mbaya viliikuta tayari mashambani jamii ya kuvu iliyo hodari kwa kutengeneza sumu.

Matokeo hayo yalibadilisha mahali pa kuanzia. Ghala bora lingezuia kuvu kuzidi kukua baada ya mavuno, lakini lisingeitoa kuvu iliyokwisha kuingia. Spora zake, yaani mbegu ndogo mno zinazopeperushwa na upepo, hutua kwenye ndevu za hindi changa na kuvu ikateremka hadi kwenye punje. Wadudu wanaotoboa hindi huifungulia mlango mwingine. Mmea uliodhoofishwa na joto na ukame katika wakati wa kujaza punje hauna nguvu ya kujikinga, na hiyo ndiyo hali ya kawaida ya Ukambani.

Wazo kutoka mashamba ya pamba

Cotty hakuanza na mahindi. Katika Arizona, tatizo lilikuwa mbegu za pamba, ambazo hulishwa ng'ombe wa maziwa. Sheria za Marekani haziruhusu chakula cha ng'ombe hao kizidi mikrogramu 20 za aflatoksini kwa kilo, na wakulima walikuwa wakipoteza soko.

Katika kuchunguza kuvu za mashamba hayo, aliona kwamba baadhi yake hazikuwa na uwezo wa kutengeneza sumu. Mojawapo ilipewa jina la AF36. Baadaye ilithibitishwa kwamba kasoro moja tu katika jeni inayohitajika kuanzisha utengenezaji wa aflatoksini ndiyo iliyoinyang'anya uwezo huo. Katika mambo mengine yote kuvu hiyo iliishi, ikala na kuzaana kama jamaa zake.

Wazo likawa kuitumia kama mshindani. Kuvu isiyo na sumu ikisambazwa kwa wingi shambani mapema, kabla ya zile zenye sumu kuongezeka, itayawahi mabaki ya mimea na punje ambazo zingekaliwa na hizo nyingine. Shamba halibaki bila kuvu, ila kuvu iliyopo inakuwa ile isiyodhuru.

Mwaka wa 2003, Shirika la Kulinda Mazingira la Marekani liliisajili AF36 kwa matumizi ya mashamba ya pamba. Wakulima wa Arizona wenyewe, kupitia baraza lao, ndio walioshika usukani wa kuitengeneza.

Kutafuta kuvu ya Kenya

Kuvu ya Arizona isingeweza kuletwa tu na kumwagwa Makueni. Kila eneo lina jamii yake ya kuvu iliyozoea udongo, mazao na hali ya anga ya hapo, na kuingiza kiumbe kigeni katika mazingira mapya ni jambo ambalo wasimamizi wa sheria hulitazama kwa tahadhari. Ilibidi kuvu isiyo na sumu itafutwe humu humu nchini.

Kazi hiyo ilielezwa katika utafiti uliochapishwa mwaka wa 2011. Kuvu 290 za sura ya L zilizotoka katika mahindi ya Kenya zilipimwa, na 96 zikaonekana hazitoi aflatoksini. Zilipopangwa kwa koo, yaani makundi ambayo kuvu zake zinaweza kuungana nyuzi kwa nyuzi, ilipatikana kuwa ni koo 53. Baadhi ya koo hizo zilikuwa zimeenea katika mikoa zaidi ya mmoja, ishara kwamba zina uwezo wa kudumu katika mazingira tofauti.

Kisha kila kuvu ilipambanishwa na adui. Punje hai za mahindi ziliambukizwa kwa pamoja kuvu isiyo na sumu na ile kali ya sura ya S. Kuvu 12 zilizofanya vyema zaidi zilipunguza aflatoksini kwa zaidi ya asilimia 80, kiwango kinacholingana na cha kuvu iliyokuwa tayari ikiuzwa Marekani kwa kazi hiyo.

Hatua ya kutoka maabara hadi shambani iliunganisha taasisi kadhaa. Taasisi ya Kimataifa ya Kilimo cha Nchi za Joto (IITA), yenye makao makuu Ibadan, Nigeria, ilikuwa imeshirikiana na Cotty kutengeneza bidhaa ya Afrika iliyopewa jina la Aflasafe, chini ya uongozi wa mtaalamu wa magonjwa ya mimea Ranajit Bandyopadhyay. Kwa upande wa Kenya, ilishirikishwa Taasisi ya Utafiti wa Kilimo (KARI), ambayo sasa ni Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo (KALRO).

Aliyeongoza juhudi hizo nchini ni Dkt Charity Mutegi, mwanasayansi wa chakula. Mwaka wa 2013 alitunukiwa Tuzo ya Norman Borlaug ya utafiti wa nyanjani kwa mchango wake katika kutambua chanzo cha mkasa wa aflatoksini na kutafuta suluhisho lake.

Bidhaa ya Kenya, Aflasafe KE01, ilisajiliwa mwaka wa 2015 na Bodi ya Kudhibiti Bidhaa za Kukabili Wadudu (PCPB). Ina kuvu nne zisizo na sumu, zote zenye asili ya Kenya. Sababu ya kutumia nne ni kwamba moja ikishindwa kustawi katika udongo au msimu fulani, nyingine inaweza kushika nafasi yake. Tanzania nayo ilisajili bidhaa zake mbili, TZ01 na TZ02, mwaka wa 2018.

Inavyotumika

Aflasafe ni punje za mtama zilizokaushwa kwa moto ili zisiote, zikapakwa spora za kuvu na kutiwa rangi ya samawati ili mtu asizidhanie kuwa chakula. Mtama ndio akiba ya chakula cha kuvu hiyo katika siku za kwanza.

Mkulima huitawanya kwa mkono, kilo 10 kwa hekta, yaani kilo nne kwa ekari, wiki mbili hadi tatu kabla mahindi kutoa maua. Ardhi inapaswa kuwa na unyevu, kwani katika udongo mkavu spora hazioti. Palizi inayofukia udongo hufanywa kabla. Ikifanywa baadaye, mtama hufukiwa na spora hazipeperuki.

Siku chache baada ya kutawanywa, kila punje ya mtama hufunikwa na ukungu wa kijani. Upepo na wadudu huzibeba spora hadi kwenye mahindi. Majaribio katika nchi mbalimbali za Afrika yameonyesha upungufu wa aflatoksini wa asilimia 80 au zaidi wakati wa mavuno, na kinga hiyo huendelea ghalani kwa sababu kuvu isiyo na sumu huingia humo ikiwa ndani ya mahindi.

Mipaka ya dawa hiyo

Wataalamu wanatahadharisha dhidi ya kuiona kuwa tiba ya kila kitu. Kwanza, haisafishi mahindi yaliyokwisha kuchafuka. Mkulima aliyepitwa na wakati wa kuitumia hana budi kungoja msimu mwingine.

Pili, haizuii sumu za kuvu nyingine. Kuvu za jamii ya Fusarium, ambazo huozesha hindi likiwa shambani, hutoa sumu iitwayo fumonisini, iliyogunduliwa na watafiti wa Afrika Kusini mwaka wa 1988. Aflasafe haikukusudiwa kupambana nayo, na kiwango chake katika mahindi kinasimamiwa na kanuni tofauti.

Tatu, haichukui nafasi ya kukausha nafaka. Mahindi yenye unyevu huendelea kuharibiwa na aina nyingine za ukungu na wadudu hata kama aflatoksini ni kidogo. Kiwango cha unyevu kinachotakiwa kwa mahindi ya kuhifadhiwa katika Afrika Mashariki hakizidi asilimia 13.5.

Iko pia hoja ya fedha. Mkulima anayenunua pembejeo hutaraji kurudishiwa gharama sokoni. Lakini mnunuzi wa kijijini hawezi kuona tofauti kati ya gunia safi na lenye sumu, na kwa hiyo mara nyingi hulipa bei ileile kwa yote mawili. Faida ya kwanza ya dawa hii iko katika chakula cha familia ya mkulima, na faida hiyo haiandikwi kwenye risiti.

Ukaguzi usiofika kila jiko

Kanuni za Jumuiya ya Afrika Mashariki zinataka mahindi yasizidi mikrogramu 10 za aflatoksini zote kwa kilo, na kati ya hizo B1 isizidi mikrogramu 5. Nchini Kenya, jukumu la kuhakikisha unga unaouzwa unatimiza masharti hayo ni la Shirika la Kukadiria Ubora wa Bidhaa (KEBS).

Mnamo Novemba 2019, shirika hilo lilipiga marufuku kwa muda aina tano za unga wa mahindi baada ya kupatikana na aflatoksini kupita kiasi. Mnamo Machi 2021, Mamlaka ya Kilimo na Chakula (AFA) ilizuia mahindi kutoka Uganda na Tanzania kwa sababu hiyohiyo. Zuio hilo liliondolewa baada ya siku chache na badala yake yakawekwa masharti, yakiwamo waagizaji kujisajili na kila shehena kuwa na cheti kinachoonyesha kiwango cha sumu.

Hatua za namna hiyo huwagusa wasagaji wakubwa na mipaka. Haziyafikii mahindi yanayotoka shambani kwenda kwenye ghala la mwenyewe, kisha kwa posho mill ya kijijini na hatimaye kwenye sufuria, na mahindi ya 2004 yalikuwa mengi ya namna hiyo. Hata pale kipimo kipo, kuchota konzi moja ya nafaka kutoka juu ya gunia hakutoshi. Kwa vile sumu hujikusanya katika punje chache, mpimaji hana budi kuchukua kidogo kidogo kutoka sehemu nyingi, kuchanganya na kusaga kabla ya kupima.

Hii ndiyo sababu utafiti wa magonjwa ya mimea una uzito katika suala ambalo kwa juu juu ni la afya na biashara. Mahali pekee ambapo chakula cha nyumba isiyofikiwa na mkaguzi kinaweza kulindwa ni pale kinapokua na pale kinapokaushwa.

Yanayowezekana nyumbani

Wataalamu wa kilimo hupendekeza mbegu zinazokomaa mapema na kustahimili ukame, kupanda kwa wakati, na kudhibiti wadudu wanaotoboa mabua na mahindi. Mahindi yavunwe mara yanapokomaa; yakiachwa shambani wakati mvua inakaribia, hatari huongezeka.

Baada ya kuvunwa, yasikaushwe juu ya udongo mtupu, kwani humo ndimo kuvu inamoishi. Turubai, mkeka au jukwaa lililoinuliwa hufaa. Kupukuchua kwa kupigapiga kwa fimbo huvunja punje na kuipa kuvu njia ya kupenya, kwa hiyo mashine au mikono ni bora. Punje zilizovunjika, zilizokunjamana, zilizobadilika rangi au zilizoliwa na fukusi zitengwe, kwa sababu sumu mara nyingi huwa nyingi humo.

Magunia yawekwe juu ya mbao, mbali na ukuta, mahali penye hewa na pasipovuja. Mifuko isiyopitisha hewa huwaua wadudu bila dawa, lakini ni sharti mahindi yawe makavu kabla ya kutiwa ndani.

Asiye na kifaa cha kupima unyevu anaweza kutumia chumvi. Chupa safi ya kioo iliyo kavu hutiwa mahindi hadi thuluthi moja, ikaongezwa chumvi kavu kidogo, ikafunikwa na kutikiswa kwa dakika kadhaa. Ikiachwa itulie kwa takriban dakika 15 na chumvi ikaonekana imegandama kwenye kuta za chupa, mahindi yana unyevu wa zaidi ya asilimia 15 na yanapaswa kurudishwa juani. Chumvi ikianguka chini bila kushika, yamefikia hali ya kuweza kuhifadhiwa. Jaribio hili huonyesha unyevu pekee. Haliwezi kuonyesha kama sumu imo.

Mahindi yaliyoota ukungu hayafai kwa uji, kwa pombe wala kwa mifugo. Kuyachanganya na mazuri ili yapungue makali hueneza sumu katika gunia zima na kuifikisha kwa watu wengi zaidi.